Huntsville au Raleigh? Nina ofa mbili, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mkoko77
Wakuu, salaam. Nimepata ofa mbili za kutengeneza programu. Moja Huntsville, Alabama, nyingine Research Triangle Park kule Raleigh, North Carolina. Natakiwa kujibu Ijumaa. Mke wangu anataka mji wenye historia, mimi naangalia mfuko. Mnaoishi huko, wapi kuna maisha?

MwanaWaNyamira
Karibu, lakini hujasema kitu bado. Mshahara? Watoto? Na una uraia au grini kadi? Hapa Huntsville hilo la mwisho ndilo la kuuliza kwanza. Kazi nyingi zinazunguka kambi ya jeshi ya Redstone Arsenal: makombora ya jeshi, kituo cha anga cha NASA Marshall, na makampuni yanayowahudumia. Kibali cha usalama hupewa raia. Bila hicho utaona matangazo mengi ya kazi na usiweze kuomba hata robo.

MzeeKifimbo
Raleigh, bila kufikiri mara mbili. Hiyo Research Triangle Park, eneo la makampuni ya utafiti, ipo tangu 1959, na waajiri ni wa kila aina: dawa, na kompyuta kama IBM, SAS pale Cary jirani, Red Hat makao yake yako Raleigh mjini. Ukifukuzwa leo unavuka barabara. Historia? Raleigh ni makao makuu ya jimbo tangu 1792. Na ndege inatoka hapa moja kwa moja hadi London, huko kwenu mpaka upitie Atlanta kwanza.

MwanaWaNyamira
Mzee, bei za nyumba zenu mbona umezinyamazia? 😂

BintiPangani
Mkoko, mwambie shemeji asidanganywe na nyumba za kale. Huntsville zimejaa kweli. Mtaa wa Twickenham kuna majumba ya kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na katiba ya kwanza ya Alabama iliandikwa mjini hapo 1819. Kutembea jioni, raha. Kuishi ni kitu kingine.

Sisi tulipanga nyumba ya mbao Five Points, mtaa mwingine wa zamani hapo Huntsville. Kibaraza kipana, bembea, mti mkubwa mbele, kila mgeni anapiga picha. Baridi ilipoingia tukajua tumepanga picha. Upepo unapita kwenye madirisha kama hayapo, bili ya umeme inapanda. Nikamwomba mwenye nyumba abadilishe. Akasema mtaa ni wa kihistoria, dirisha haliguswi mpaka kamati ikubali. Sheria hiyo ipo kweli, kwa chochote cha nje ya nyumba. Lakini kibali kinaombwa! Yeye hakuwahi kuomba. Ikaja Krismasi ya 2022, mnakumbuka baridi ilivyoshuka Kusini nzima. Bomba la chini ya nyumba likapasuka, sakafu ikavimba, mwenye nyumba yuko Florida na simu hapokei. Tukachota maji kwa jirani kwa ndoo kama tuko kwenye mgao Pangani. Mkataba ulipoisha tukahamia Madison, mji wa jirani, nyumba mpya, haina sura lakini ina joto.

MzeeKifimbo
Ndiyo maana nasema Raleigh.

BintiPangani
Mzee, mabomba yanapasuka na huko pia.

Mkoko77
Samahani kwa kuchelewa. Watoto wawili, mmoja anaanza shule Agosti. Grini kadi, fomu ya uraia nimeshatuma. Huntsville wanasema nitaanza na kazi isiyohitaji kibali.

MwanaWaNyamira
Waandike hivyo kwenye mkataba. Na waeleze kazi hiyo ikiisha kabla hujaapa uraia, unakwenda wapi. Mshahara bado hujataja.

Tabora_Tu
Mkoko ni Mbongo? Basi ujue ukiapa huko pasipoti yetu unarudisha.

MwanaWaNyamira
Sisi Wakenya tunabaki na zote mbili tangu katiba ya 2010.

Tabora_Tu
Haya, mshaanza kujisifu.

Sauti_ya_Kusini
Mnazungumzia historia, mbona hamtaji ile yenyewe ya Huntsville? Ukumbi mkubwa wa mji unaitwa Von Braun, jina la mhandisi wa roketi. Alifika 1950 na Wajerumani wenzake, wakaunda Saturn V iliyofikisha watu mwezini. Kabla ya hapo alikuwa SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, na roketi zake za kivita za V-2 ziliundwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Dora. Hata ardhi ya Redstone, serikali iliitwaa 1941 na kuhamisha familia za wakulima, wengi wao weusi.

MzeeKifimbo
Jamaa anauliza nyumba, wewe unaleta vita ya Hitler.

Sauti_ya_Kusini
Mke wake kasema anataka historia. Hiyo ndiyo yenyewe. Amtembeze na Alabama A&M pia, chuo kikuu cha watu weusi: mkuu wake wa kwanza, William Hooper Councill, alizaliwa mtumwa.

MwanaWaNyamira
Kama ni Msabato, chuo chao cha Oakwood kiko hapa tangu 1896. Jumamosi utawasikia Wakisii hadi nje ya kanisa. Halafu uliza kila nyumba kama ina pa kujikinga na tonado. Aprili 2011 mji huu ulikaa gizani siku kadhaa.

Tabora_Tu
Tonado tena? Raleigh basi.

BintiPangani
Raleigh wana harikeni.

Mkoko77
Mke kasoma yote. Anauliza hiyo nyumba ya Five Points bado inapangishwa?

BintiPangani
Shemeji!!! 😂 Njoo inboksi.

MzeeKifimbo
Na mshahara hajataja mpaka sasa.