Jumatatu ya Pasaka na vijana 45: Mbudya, Bagamoyo, Pugu au treni ya Morogoro?

Katibu_Tabata
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Vijana wetu, wa miaka 15 hadi 24, wanataka kutoka Jumatatu ya Pasaka. Mchungaji amekubali kwa sharti moja: kuwe na tafakari ya kweli, siyo sala ya kufungulia halafu spika mpaka jioni. Mchango ni 25,000 kwa kichwa, chakula na usafiri humo humo. Kikaoni yamebaki majina manne: kisiwa cha Mbudya, Bagamoyo, Pugu, na treni ya SGR hadi Morogoro kupanda milima ya Uluguru. Mliowahi kupeleka kundi huko, semeni.

soprano_wa_pili
Mbudya!! Samaki wa kukaanga, chipsi, maji ya bluu. Tafakari mtaifanyia kwenye boti 😂

Mlezi_Kimara
Dada soprano, kwenye boti watu hutafakari kufika salama tu. Naipenda Mbudya, ila si kwa kundi hili na si msimu huu. Pasaka ikiangukia Aprili, masika yameshaingia na kusi inaanza. Mnaweza kuondoka Kunduchi bahari shwari, saa tisa mkarudi mmeshikana mikono mnaimba mapambio ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Kule mvua ikinyesha mna vibanda vya makuti tu, na sikukuu huwa vina wenyewe tangu asubuhi. Kisha hesabuni wasiojua kuogelea. Mtahitaji watu wazima ambao macho yao hayatoki majini, na hao ndio mnaowategemea waongoze tafakari. Kumbukeni pia ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio kando na nauli ya boti.

abiria_wa_reli
Piga hesabu kwanza, katibu. Daraja la kawaida Dar–Morogoro ni 13,000. Kwenda na kurudi 26,000, mchango umekwisha kabla hamjanunua maji. Halafu mkichelewa, treni haiwasubiri kama Kosta ya kanisa. Safari yenyewe ni raha, chini ya saa mbili, lakini njia ya kupanda Morning Site, kule Uluguru, mwezi wa Aprili ni utelezi mtupu. Wekeni Julai au Agosti, kipupwe, na watu wapate muda wa kuchanga.

Mwanahija
Tumsifu Yesu Kristo. Pugu ni karibu na rahisi kuliko zote. Wabenediktini walifika 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Mwalimu Nyerere naye alifundisha Pugu kabla ya kuacha ualimu 1955. Kwa mafungo ya kimya sijaona pa kuizidi hapa Dar. Ila kwa maoni yangu Pugu ni ya Kwaresima. Vijana waliotoka kufunga siku arobaini, Jumatatu ya Pasaka wanataka kukimbia.

Mwl_wa_Jumapili
Mimi mzaliwa wa Bagamoyo, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Ni kilomita kama 70, lami mpaka mjini, mvua haiwazuii.

Lakini msiende kuangalia majengo tu. Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku ya Emau, na Emau ni wafuasi wawili wa Yesu wanaotembea wamekata tamaa baada ya msalaba. Anzeni Kaole, kwenye magofu ya karne ya 13. Someni Luka 24:13-27 hapo hapo, kisha watembee kurudi mjini, kama kilomita tano, wawili wawili, kila mmoja na mtu asiyekaa naye benchi moja. Simu zikae kwa walezi. Swali liwe moja, kutoka mstari wa 21, pale wale wawili wanaposema walikuwa wakitumaini: wewe ulitumaini nini mwaka huu, kikaharibika? Msiwape maswali kumi. Kijana akipewa karatasi ya maswali anaijaza kama mtihani.

Mkifika misheni, waelezeni kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza hapo 1868, wakikomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, ulilazwa katika kanisa lao la zamani. Wageni wengi huishia kwenye jina hilo. Mimi huwasimamisha vijana kwa watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walioubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, miezi kama tisa barabarani, na wangeweza kabisa kumzika kule na kurudi makwao. Halafu makaburi ya wamisionari, wengi walikufa wakiwa vijana.

Mistari ya 28 hadi 35 isomeni mezani, mkate ukimegwa kabla ya pilau. Baada ya hapo mpira ufukweni hadi jua lipungue. Toeni taarifa ofisi ya parokia mapema, lile ni kanisa linalosaliwa.

soprano_wa_pili
Yaani Pasaka tunaenda makaburini?

Mwl_wa_Jumapili
Wale wanawake alfajiri ile walikuwa wanaelekea wapi, dada?

soprano_wa_pili
🙌 Nimekubali. Ila hiyo pilau isiwe maneno.

Mpwani_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Sisi vijana tunawapeleka Rabai, walipoanza misheni Krapf na Rebmann 1846, na tukirudi tunapita Kengeleni kuiona kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Nawaonya jambo moja: atatokea kijana aulize kama ni Wazungu tu waliotukomboa, na Wakristo wenyewe walikuwa wapi biashara ile ikiendelea karne zote hizo. Swali hilo lisimkute mlezi akitafuta maji ya kunywa. Mkae nalo kwenye kamati kabla ya safari, na msilijibu kwa haraka. Kwetu liliendelea njia nzima kurudi, na nadhani hiyo ndiyo tafakari mchungaji wenu anayoidai.

Mama_Sufuria
Wanangu, msipikie kule, mvua itawazimia moto. Pilau ipikwe alfajiri nyumbani, iwekwe kwenye mahotipoti, kachumbari ikatwe huko huko. Bebeni turubai. Na Kosta ziwe mbili, msisimamishe mtoto wa mtu hadi Bagamoyo. Asiyekuwa na 25,000 msimtaje mbele ya wenzake, umoja wa akina mama huwa hatukosi cha kuongezea.

Katibu_Tabata
Asante mama, shikamoo. Bagamoyo naipeleka kikaoni Jumapili, treni tutaijadili ya Julai. Swali la mwisho: hizo jozi wapange walezi au tupige kura ya vikaratasi?

Mlezi_Kimara
Vikaratasi. Wakijipanga wenyewe, wachumba wote utawakuta nyuma ya msafara.