Mjadala: Ruzuku ya chakula bora iende dukani au kwa mlaji?

Ndugu zangu, kuna hoja nimechoka kuisikia: eti watu wa kipato cha chini hawali vizuri kwa kuwa hawana duka la mboga na matunda karibu, basi wafanyabiashara wapewe ruzuku na msamaha wa kodi wakafungue maduka huko. Napinga. Umbali ni tatizo, sikatai. Kwa mzee mwenye magoti mabovu kilomita mbili ni safari. Lakini duka likija na mfuko ukabaki vilevile, mtu atapita mlangoni tu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu gharama ya mlo kamili.

Chukua mama anayetoka kazini saa mbili usiku. Mkononi ana hela ya siku moja, na nyumbani hana friji. Mboga zikinyauka kabla ya kesho, hela imepotea na hana nyingine. Watoto wakigoma kula kitu kigeni, wamelala njaa. Kwa hiyo ananunua kinachoshibisha na kuiva upesi. Semina ya lishe itamwambia nini asichokijua?

Sasa tazameni Kaunti ya Hampden, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 2011 hadi 2012 baadhi ya wanaopokea msaada wa chakula walirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyonunulia matunda na mboga. Walikula matunda na mboga takriban robo zaidi ya wenzao wasiorudishiwa, na maduka yalikuwa yaleyale! Wanaosema maskini akipewa nafuu ataifuja wasome hapo, maana dhana hiyo inaniuma sana.

Upande wa pili nauheshimu kwa jambo moja. Jiji la Belo Horizonte, Brazili, lilipoanza mpango wake wa chakula mwaka 1993, liliwapa wauzaji sehemu nzuri za biashara kwa sharti: bidhaa kadhaa waziuze kwa bei iliyopangwa na jiji, na wikendi wazifikishe kwenye vitongoji vya maskini. Pale duka lilikuja na bei yake.

Basi mnaotetea ruzuku ya maduka, nijibuni: sharti la bei mtaliweka kwenye mkataba? Na atakayelikagua ni nani?