Pasaka na masika Tanga: tupeane uzoefu

Binti Chumbageni: Jana magharibi taa ya barazani imezingirwa na kumbikumbi, nikajua masika hayo, na Pasaka hiyo. Nikakumbuka mkesha mmoja niko kwaya, sauti ya pili. Kanisa giza, mishumaa tu. Padri akaanzisha Utukufu, kengele zikalia, taa zote zikawashwa kwa mkupuo. Kumbe kumbikumbi wako nje wanaingoja hiyo taa! Wakamiminika madirishani, kwenye kinanda, kwenye kitambaa cha altare. Mimi ndio nimepanua mdomo, mmoja akaingia. Nikameza, maana mwalimu wa kwaya ananitazama mimi. Mbawa nilizitoa kwenye rasta Jumatatu ya Pasaka. Haya, na nyie semeni.

Mgosi wa Korogwe: Dada umefungua Kwaresima kwa nyama 😂

Mama Pacha: Ungewachukua nyumbani. Unawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, unapepeta mbawa. Watamu hao.

Mwana Ngamiani: Huko kwenu bara. Sisi tunafagia.

Mama Pacha: Bara wapi? Kitovu changu kimezikwa Makorora, mwanangu.

Baba Neema: Kumbikumbi nafuu. Pasaka ya 2022, Aprili 17, ndani ya Ramadhani, wakwe zangu wameshuka kutoka Lushoto. Alfajiri mvua, saa nne jua hilo. Nikasema leo sikukuu tunakula baharini. Tukakuta maji yametoka mbali, mchanga mtupu. Tukatandika mkeka kule chini kabisa, shemeji akaweka sufuria la pilau kalifunga kwa kitenge, mama mkwe akavua viatu vyake vipya akavipanga pembeni. Kivulini kuna mzee mmoja mvuvi anashona wavu. Akasema, "Bwana mdogo, hapo mtahama." Nikaitikia tu, nikidhani ni swaumu inamsumbua.

Saa tisa na kitu wingu likashuka, ile mvua isiyobisha hodi. Tukakimbilia chini ya mkungu, sufuria tukaliacha, si lina kifuniko? Mvua kupungua, tunatazama: mkeka unaelea. Sufuria nalo linaelea, limesimama wima kama ngalawa, safari ya Pemba. Kiatu kimoja cha mama mkwe kinalifuata nyuma. Baba mkwe akatamka neno la Kisambaa ambalo mke wangu mpaka leo hataki kunitafsiria. Yule mzee akaingia hadi kifuani na saumu yake, akalirudisha. Ilipoadhiniwa magharibi tukafuturu naye pilau lile lile. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo.

Mgosi wa Korogwe: Safari ya Pemba 🤣🤣 nimefungiwa ofisini nacheka peke yangu.

Ticha wa Jiografia: Kosa lako, Baba Neema. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji yanatoka mbali sana kisha yanajaa kupita kawaida. Mwaka huo mwezi umepevuka Jumamosi, kesho yake wewe unatandika mkeka chini!

Mwana Ngamiani: Si kila Pasaka. 2024 ilikuwa Machi 31, mwezi umeshapungua, bahari imetulia. Muulize mvuvi yeyote.

Ticha wa Jiografia: Nimeandika "kila" wapi? Soma kwanza.

Mwana Ngamiani: Nimesoma. Ticha unapenda kufundisha hata likizo.

Mkazi wa Bagamoyo: Huku kwetu balaa ni moto wa mkesha, maana unawashwa nje. Mwaka mmoja manyunyu, kuni zimelowa, kiberiti kimelainika kama ugali. Katekista akaenda kuazima makaa kwa mama wa chapati, akarudi nayo kwenye karai kalifunika kwa mwavuli. Mapadri waliofika hapa 1868 sijui waliwashaje.

Mama Pacha: Dawa ya mvua ya Pasaka ni kubaki ndani.

Fundi Ngalawa: Nendeni, ila mkeka uwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu. Maji yameuacha hapo yenyewe.

Mgosi wa Korogwe: Au mfunge sufuria nanga.

Binti Chumbageni: Baba Neema, kiatu je?

Baba Neema: Hakijaonekana. Wakwe wamefika juzi. Kile kilichobaki mama mkwe amekuja nacho, amekiweka pale sebuleni juu ya kabati, na hasemi kitu.