Mrejesho: banda la gari sasa ni studio, Mwanga Kigoma

Habari zenu wakuu, mie ndo yule niliyeuliza kama banda la gari la mita 3 kwa 6 linafaa kuwa studio ya picha, na mbona sura za wateja zinatoka na ukijani. Mliosema ni ukuta mlikuwa sahihi kabisa! Ile rangi ya kijani ilikuwa inarudisha mwanga wake usoni kwa mtu, nimepiga nyeupe isiyong'aa, dari la jipsamu nalo jeupe, na ngozi zimerudi kuwa ngozi. Jana nimempiga picha bibi mmoja wa Ujiji na kitenge chake, hadi mikunjo ya pembeni ya macho inaonekana, nimefurahi mno. Lenzi ya milimita 85, inayovuta karibu, imebaki ya picha za uso, mtu wa kusimama haingii mzima, hapo natumia ya milimita 50 inayochukua eneo pana zaidi. Mlango wa chuma sijautoa, nikiufungua na kutundika shuka jeupe napata mwanga laini hata umeme ukikatika. Bado joto tu, bati mchana linawaka kwa hiyo wateja nawaweka asubuhi na jioni. Asanteni sana, hasa aliyenizuia nisinunue taa ya tatu.