Mafunzo ya saikolojia kwa madereva wa masafa marefu: siku 2 zitumike vipi?

MizaniMakambako
Wakuu, salaam. Nasimamia usalama kwenye kampuni yenye mabasi na semi-trela, njia ya Dar–Tunduma. VTS (vifaa vya kufuatilia mwendo wa gari) zipo, leseni na vyeti viko sawa, lakini kugonga na kunusurika hakuishi, na wengi wanaohusika ni wazoefu. Uongozi umeridhia siku 2 za mafunzo ya saikolojia ya udereva. Mkufunzi anataka siku ya pili iwe uwanjani, watu wafundishwe kuokoa gari linaloteleza na kupiga breki za ghafla. Mnaonaje? Na kipi kisikose?

BrekiYaInjini
Mkuu, siku ya uwanjani ifute. Norway waliwahi kuwalazimisha madereva wapya kujifunza kuendesha kwenye utelezi, na ajali za utelezi kwa vijana wa kiume zikaongezeka. Mtu akishajiona anaweza kuokoa gari, anaongeza spidi kuliko ufundi alioupata. Mzoefu ndiye rahisi zaidi kunasa hapo.

Kilichopimwa kikaonekana kusaidia ni majadiliano ya vikundi. Kule Sweden, shirika la simu la Televerket liligawa madereva wake makundi 5, kila moja watu kama 900: mafunzo ya udereva, majadiliano, kampeni, bonasi, na kundi lisilopewa kitu. Matokeo yalichapishwa 1996, na waliojadiliana ndio waliopunguza ajali zaidi.

Kwa hiyo usizibane zile siku 2 pamoja. Zikate ziwe vikao 3 vya saa moja na nusu, vipishane wiki mbili, watu 8 hadi 10. Kikao cha kwanza madereva wataje wenyewe yanayowabana barabarani. Msimamizi aandike tu, asihubiri. Cha pili wachague mawili yaliyo mikononi mwao. Cha tatu kila mmoja aandike sentensi yake ya "nikiona… nitafanya". Mfano: "Nikiona kibao cha 50 Ilula, natoa mguu kwenye mafuta, nashusha gia, ndipo naangalia mshale." Kwa nini kibao hicho? Ukishakaa kwenye 80 muda mrefu macho yanazoea, na 65 unaiona kama gari linatambaa. Tochi za trafiki zinawakamata wengi hapo na kila mmoja anaapa alikuwa mdogomdogo, na kweli ndivyo alivyohisi.

Kinachoua vikao hivi ni bosi kuingia na kuanza kutaja majina.

DawaYaUsingizi
Naongezea uchovu, hasa kwa mabasi ya usiku. Usingizi unabana zaidi saa 8 usiku hadi 12 asubuhi, halafu kidogo saa 8 hadi 10 mchana. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa piga hesabu: dereva kaamka saa 11 alfajiri, kashinda kwenye mihangaiko yake, kaondoka Dar saa 2 usiku. Saa 4 usiku ameshatimiza saa 17 macho, na Morogoro hajaiona.

Akisinzia sekunde 4 kwenye spidi 80, basi limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza muziki kunasaidia dakika chache tu. Mirungi, ukiacha kuwa ni haramu kisheria, inaficha usingizi kisha inamwangusha mtu kwa mkupuo. Kinachosaidia ni kikombe cha kahawa nzito kisha kulala hapohapo dakika 15 hadi 20, maana kahawa inahitaji kama nusu saa kufanya kazi. Asipitilize, ataamka mzito. Akiamka atembee dakika 10 kabla ya kushika usukani. Dalili za kusimama: hakumbuki kilomita kadhaa zilizopita, anakosa gia, anakanyaga mstari.

Ila na ratiba iangaliwe. Dar–Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hata 80 mwanzo mwisho, bila mzani wala chakula, ni saa 10 na ushee. Kama ratiba yenu inasema saa 11, mmeshamwambia dereva akimbie, na hakuna darasa litakalofuta hilo.

KitiChaKonda
Dereva wa pili, konda na utingo nao waingie darasani. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 1977, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Fundi ndani ya ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alihoji kama njia iko wazi, kapteni akaendelea. Baadaye mashirika yakaanza kufundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza.

Kwenye basi wekeni maneno yaliyokubaliwa, hatua tatu: "Kaka, spidi." Kisha: "Nina wasiwasi na hii ovateki." Mwisho: "Simama, tubadilishane." Hili la tatu likitamkwa hakuna ubishi, na kampuni haiulizi kuchelewa. Wafanye igizo kwenye viti, si kusoma ubaoni; kijana hawezi kumkatiza mzee wa kazi kama hajawahi kulitoa neno hilo mdomoni. Abiria nao wahesabu. Kenya walibandika stika kwenye matatu za kuwahimiza abiria wapaze sauti, na katika jaribio la kwanza madai ya bima yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili.

MizaniMakambako
Nimewapata. Ya ratiba naipeleka juu. Sasa napimaje? Ajali ni chache, huwezi kuzilinganisha mwezi kwa mwezi.

BrekiYaInjini
Usihesabu ajali. Kama kifaa chenu kinatoa takwimu hizo, chukua breki kali kwa kila kilomita 1,000, dakika ambazo gari lilikuwa juu ya spidi 80, na spidi ya kuingilia vijiji 3 mtakavyochagua. Miezi 3 kabla, 3 baada. Nusu ya madereva waanze vikao baadaye, ili uwe na wa kuwalinganisha nao. Bila hivyo msimu wa mvua utakudanganya.

Fomu ya kunusurika iwe nusu ukurasa, bila jina, yenye swali moja muhimu: alipitiwa au alikusudia? Aliyesahau indiketa alipitiwa, hapo tazama mapumziko ya madereva. Aliyeovateki kwenye kona za mlima Kitonga alikusudia, kosa hilo lijadiliwe kikaoni bila kutaja mtu. Na uwaambie uongozi mapema: mwezi wa kwanza ripoti hizo zitapanda, kwa sababu watu wameanza kuandika.