Supachaja ya Mustang GT ya 2016: ProCharger, Vortech au Paxton? Naombeni ushauri

Mkwaju_Houston
Wakuu, habari za usiku. Mimi mtu wa Tanga, nipo Houston mwaka wa tisa sasa. Nina Mustang GT ya 2016, ile ya injini ya lita 5.0, gia za mkono, imetembea maili 61,000. Haijaguswa kitu zaidi ya eksozi. Nimejibana mpaka nimefikisha dola 9,000 za supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada), na mama watoto ameridhia kwa sharti kwamba hela hiyo ikiisha ndiyo imeisha.

Sitaki turbo. Sitaki pia zile supachaja za kukalia juu ya injini, maana gari naendea kazini na nataka iwe mpole mjini, iamke nikikanyaga. Kwa hiyo ni sentrifugali, ile ya feni ya pembeni ambayo presha yake inapanda na mizunguko ya injini. Tatizo kila ninayemuuliza ana dini yake. Fundi wa kwanza ProCharger, wa pili Vortech, na jirani yangu, mzee wa Kimarekani, hataki kusikia kitu zaidi ya Paxton. Petroli yangu ni ya pampu, oktani 93. Nawasilisha.

Dereva_Kimya
Chukua Whipple uache maneno.

Mkwaju_Houston
Mkuu, hiyo si ndiyo ya kukalia juu? Soma uzi.

Mzee wa Spana
Kijana, jina liache kwanza. Hizo tatu zote zinafanya kazi ileile: mkanda wa krenki unazungusha puli, gia za ndani zinazidisha, feni inazunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika na kusukuma hewa. Mizunguko ya injini ikiongezeka mara mbili, presha inakaribia mara nne. Ukifungiwa puli ya kukupa presha ya psi 8 kwenye mizunguko 7,000, ukiwa 3,500 una kama 2 tu. Ndiyo maana mjini inakuwa mpole. Ila usije ukalalamika kwamba huku chini haina nguvu, ndivyo ilivyo.

Jirani yako usimcheke. Paxton ni jina kongwe, Shelby GT350 ya 1966 ungeweza kuiagiza nayo kiwandani. Siku hizi Paxton na Vortech ni nyumba moja, kwa hiyo wewe una chaguo mbili, si tatu.

Fundi_wa_Dallas
Nimefunga zote. Angalia oili kwanza.

Vortech za V-1 na V-2 zinakunywa oili ya injini. Zinavutiwa paipu ya kuleta oili, halafu sampu (bakuli la oili chini ya injini) inatobolewa ili irudi. Sampu ikitobolewa vibaya, vipande vya chuma vinabaki ndani, na huo ni msiba wa kujitakia. V-3 ina oili yake yenyewe, na P-1SC-1 ya ProCharger vilevile. Kwa gari lako usikubali kutobolewa sampu, chukua moja kati ya hizo mbili. ProCharger unamwaga oili baada ya maili 500 za kwanza, kisha kila 6,000. Ni kichupa kidogo tu, lakini watu wanakisahau, halafu beringi zikianza kulia wanatukana kampuni.

La pili, mkanda. Mkanda ukiteleza, presha inapanda vizuri halafu karibu na mizunguko 6,000 inalala, na wewe unadhani supachaja ni mbovu. Uliza mkanda una mifereji mingapi, na kama supachaja ina mkanda wake au inagombania mmoja na altaneta na pampu ya maji.

Sauti nayo ni ladha. V-3 imetulia. ProCharger wateja wangu wengi wanaichukua kwa ule mlio wake, wengine wanarudi baada ya mwezi wanauliza kama unaweza kupunguzwa!

Kasuku254
Niko Nairobi, nina Toyota 86 yenye Rotrex. Hii ni ya Denmaki, haina gia za meno, inazungusha kwa msuguano wa rola ndani ya oili yake maalumu. Imetulia sana, lakini kwa V8 yako sioni haja, kiti (seti kamili za kufunga) nyingi za Mustang ni za hao wawili.

Nilitaka tu kusema jambo la petroli, kwa sababu tunachanganyana humu. 93 ya Marekani si 93 ya huku. Pampu zao zinaandika wastani wa RON na MON (vipimo viwili vya oktani), huku tunaandika RON peke yake, kwa hiyo 93 yake ni karibu RON 98 yetu. Msimtishe bure.

Mzee wa Spana
Umesema kweli. Ila injini hiyo inabana hewa 11 kwa 1 kutoka kiwandani, na Houston mwezi wa nane ni tanuri. Bila intakula (kipoza hewa) usifunge. Hewa ikiingia moto, injini inagonga (petroli inajiwasha yenyewe), na ikigonga chini ya presha pistoni haziombi ruhusa.

Bint_Columbus
Mkwaju, mdogo wangu, mimi yalinikuta. Yangu ilikuwa ya 2015. Supachaja haikuwa na kosa lolote. Gereji niliyokwenda waliifunga vizuri, wakatia tyuni (programu ya kompyuta ya injini) ya kwenye boksi, wakanikabidhi funguo. Hakuna aliyeniambia kwamba gia za pampu ya oili kwenye hizi 5.0 ni za chuma cha unga kilichoshindiliwa, na zinaweza kupasuka gari likiongezewa nguvu, hasa ukiwa mtu wa kugusa kikomo cha mizunguko. Nikagusa. Presha ya oili ikaenda sifuri nikiwa barabara kuu. Injini nzima ikafa. Gia za chuma imara zingenigharimu sehemu ndogo sana ya nilicholipa baadaye.

Fundi_wa_Dallas
Dada kasema. Na kazi ya kuzifikia ni kubwa, kava ya mbele lazima itoke, kwa hiyo zifanyike siku hiyohiyo ya supachaja. Ongeza klachi, ya kiwandani haitadumu.

Mkwaju_Houston
Duh. Kwa hiyo kiti, gia za pampu, klachi, daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), na ufundi. 9,000 haitoshi.

Dereva_Kimya
Nimekwambia Whipple.

Mkwaju_Houston
Na hiyo haihitaji klachi?

Dereva_Kimya
😂 Inahitaji.

Mzee wa Spana
Anza na gia za pampu na klachi mwaka huu, gari litembee. Supachaja mwakani. Kati ya mbili, chagua ile ambayo fundi atakayekutyunia kwenye daino ameshaizoea kwenye 5.0. Na kabla ya kipimo cha moshi hapo Harris County, hakikisha tyuni haikuzima vitu ambavyo kompyuta inatakiwa kuripoti.

Mkwaju_Houston
Yule wa Vortech ana daino yake na amenionesha 5.0 tatu alizofunga. Wa ProCharger alinionesha Instagramu. Naelekea V-3. Sasa nisaidieni namna ya kumwambia mama watoto kwamba hela imeishia kwenye klachi.

Bint_Columbus
Hilo hatumo.