MREJESHO: Ibada ya nyumbani kwangu, Mwanga Kigoma
Wakuu nimerudi. Niliuliza kama jirani anaweza kunizuia kusali na watu kama 20 uani kwangu kila Alhamisi kisa kiwanja ni cha makazi. Nimeenda na hati kwa afisa mipango miji, akaweka kidole pale palipoandikwa "makazi", akasema kusali hakuna shida, katiba ya 1977 ibara ya 19 inalinda, ila nikijenga ukumbi wa ibada hapo ni kubadili matumizi ya ardhi, lazima niombe kibali, ipo Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Aisee nilipumua. Spika nimeitoa, jirani ana kichanga kilikuwa kinashtuka usingizini, hapo nilikosea kabisa na nimemwomba radhi. Alhamisi tumeimba kwa makofi tu, akatuazima mikeka miwili.